Nifute?

Ti-ri-riii. Sauti hiyo ya kompyuta kuamka, Mama Maua aliisikia mara ya kwanza miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi alipofungua chumba chake cha kushonea, na mpaka leo ikilia huhisi kama mtu kapiga hodi na zawadi mkononi.

Ila siku hizi mgeni huyo alikuwa anachelewa. Ukiiwasha kompyuta, unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ndipo ilie. Mtandao ndio usiseme: kurasa mpya zilikataa katakata kufunguka, na wateja walikuwa wakitumia hizohizo kumletea picha za mishono.

Kuitupa haikuwezekana. Ndani yake ndimo ilimokaa programu ya kuongoza mashine ya kudarizi, na diski ya programu hiyo ilivunjika zamani. Maua mia mbili na kumi na mawili aliyoyachora kwa mkono wake alikwisha kuyanakili kwenye flashi; lakini bila programu ile yangekuwa mafaili bubu, hata ua moja lisingechanua.

"Tuweke mfumo wa pili, shangazi," alimwambia kwa simu binti wa kaka yake, aliyesomea mambo hayo na kuishi mji mwingine. "Nyumba moja, milango miwili. Wa zamani ubaki na maua yako, mpya uingie na haraka zake."

"Na wa kuuweka nani?"

"Wewe."

Mama Maua alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni.

Jumamosi mchana hakucheka. Karatasi ya hatua tisa alizopewa na binti huyo ilikuwa magotini, simu imeegemea kopo la vifungo, kamera ikimwonyesha binti kompyuta. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa pembeni akishona vifungo, masikio yamesimama.

"Inataka wifi," Mama Maua alisoma kwenye kioo.

"Nipo. Inanitakia nini?"

"Si wewe! Wewe huna hata nywila."

Wakacheka, mtandao ukaungana, wakafika hatua ya sita. Mistari miwili ikatokea. Wa kwanza: sakinisha kando ya mfumo uliopo. Wa pili: futa diski yote. Jua la dirishani likapiga kioo.

"Sioni kitu, shangazi. Futa kwanza."

Mama Maua akaitazama karatasi. Ilisema vingine, lakini mtaalamu ndiye huyo kasema. Akausogeza mshale hadi mstari wa pili. Kidole kikakataa kushuka.

Alikuwa na mazoea yaliyowachosha wateja wote: hatii mkasi kwenye kitambaa cha mtu bila kumuuliza mara tatu.

"Nifute?"

"Futa."

"Nifute kweli?"

"Shangazi, futa tu!"

"Nauliza mara ya mwisho. Nifute?"

"Kwa kitambaa, shangazi! Kioo kimejaa manyoya ya nguo, sisomi hata herufi!"

Mama Maua alikitoa kidole pale kama kilichogusa pasi ya moto. Wifi mtu akaangusha kifungo, kikaviringika hadi mlangoni, na wote watatu wakacheka mpaka machozi. Akakifuta kioo kwa kipande cha kitambaa cha pamba, akarudi mstari wa kwanza, akabonyeza.

Asilimia zikapanda. Walizihesabu kwa sauti, na kwenye tisini wifi alisimama kabisa. Kompyuta ikazimika, ikawaka: majina mawili, moja juu ya jingine. La juu likafunguka kabla birika halijafika jikoni.

"Mwanamke, umezaa pacha!" wifi alipiga kelele.

"Ngoja kwanza." Alizima tena. Akachagua la chini. Sindano ya wifi ikagandia hewani.

Ti-ri-riii.

Na maua yakafunguka, yote, na mashine ikaanza kudarizi ua la kwanza kwenye kipande cha pamba kilekile alichofutia kioo.

Mwalimu aliyefuata sare za wanawe aliingia akakuta wanawake wawili wakikumbatiana juu ya mashine.

"Mbona raha hivi? Kompyuta mmeifufua? Nipeni fundi wenu, yangu nayo inasuasua."

Wifi akafungua mdomo. Mama Maua akamkata jicho, akainama, akakata uzi.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya mkasi.