Maji ya Udhu ya Bi Somoe

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, Kokushubila alihamisha kitanda na cherehani yake hadi Mtoni, Temeke, akapanga chumba nyumbani kwa Bi Somoe. Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Mitumba ilikuwa imejaa mjini na watu wachache tu walishona nguo mpya, kwa hiyo alikaa barazani akipunguza suruali na kubana magauni ya Ulaya yawaenee wateja wake.

Alikuwa Mhaya, Mlutheri, Mkristo peke yake katika nyumba ile. Mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo, alimweleza masharti siku aliyofika.

"Nguruwe hapikwi hapa. Na kwaya za kunipigia kelele mie sizitaki."

"Nimesikia, Bi Somoe."

Masharti hayo aliyashika. Jumapili alitoka mapema na Biblia mkobani, akarudi, akafua. Mwezi wa Ramadhani hakuwasha jiko uani mchana, ingawa hakuna aliyemkataza.

Mwaka uliofuata mzee wa kanisa lake, Polikarpo, alimtembelea. Kulikuwa na mkutano wa injili unaandaliwa, na alitaka spika moja ifungwe kwenye baraza ile, iliyotazamana na barabara.

"Haiwezekani, mzee. Nyumba si yangu."

"Basi walete majirani. Muda wote huu umekaa nao, umemshuhudia nani?"

"Naishi nao."

"Kuishi nao hata mimi naweza," Polikarpo alisema, akaondoka bila kumaliza chai. Jumapili iliyofuata wanawake wawili kanisani walimwambia Kokushubila kwamba anaionea haya Injili. Alipofika nyumbani alilia kidogo, kisha akalala.

Masika yalipoanza, Bi Somoe alianguka uani akiwa na kata ya maji mkononi. Ulikuwa ugonjwa wa kupooza. Upande wa kushoto ulilegea wote na mdomo ukaenda kando. Binti yake, Chausiku, alikuja kutoka Tanga, akamuuguza mpaka ruhusa ya kazini ikaisha, akarudi. Wapangaji wengine walileta uji siku za mwanzo, halafu kila mtu akashikwa na shughuli zake.

Kokushubila ndiye aliyeendelea. Alimwogesha, akambadilisha nguo, akamgeuza asipate vidonda. Siku moja alimkuta mama yule akijaribu kuliburuta birika kwa mkono mmoja, maji yamemwagika kitandani.

"Unataka kunywa?"

"Nataka kutawadha. Adhuhuri inanipita."

Kokushubila alileta beseni. Hakujua utaratibu, akaelekezwa: mikono, mdomo, pua, uso, mikono tena hadi viwiko, kichwa, miguu. Kisha akamfunika kichwa kwa kanga na kukisogeza kitanda kielekee kibla. Alitoka nje, akakaa kwenye cherehani mpaka alipoitwa. Tangu hapo ikawa kazi yake, sala baada ya sala.

Maneno hayakukosekana. Mtaani walisema anamvizia mgonjwa ambatize. Kanisani walisema ameshasilimu. Bi Somoe aliyasikia ya mtaani.

"Koku," alimwambia asubuhi moja, ulimi bado mzito, "watu wasema unanitaka niwe Mkristo. Kweli?"

"Ningependa. Lakini sikuogeshi kwa ajili hiyo."

"Unaniogesha kwa nini? Mie si mama yako. Na nilikuwa nakusema vibaya."

Kokushubila alikamua kitambaa. "Siku nyingine unaniudhi sana, Bi Somoe. Moyo wangu peke yake ungeshachoka. Kila asubuhi namwomba Yesu anipe mwingine."

"Na anakupa?"

"Wa siku hiyo tu. Kesho naomba tena."

"Isa bin Mariamu sie tunamjua," alisema Bi Somoe. "Lakini hili la kuombwa moyo sijalisikia. Hebu niambie unamwombaje."

Kokushubila alimwambia. Siku zilizofuata aliulizwa zaidi, akaeleza alichokijua, na alichokuwa hakijui alisema hakijui.

Bi Somoe alipata nafuu ya kutembea kwa mkongojo. Hakubatizwa. Aliswali hadi alipofariki, mwaka tisini na sita, akazikwa siku hiyo hiyo kwa taratibu za dini yake. Kokushubila aliteka maji ya kumwoshea na kuyaacha mlangoni.

Chausiku akarudi kuishi katika nyumba ya mama yake. Miezi ikapita. Jumapili moja alitoka chumbani amevaa baibui, akamkuta Kokushubila anafunga viatu.

"Dada Koku, naweza kufuatana nawe kanisani? Mama alinisimulia unavyomwomba Yesu moyo. Nataka nione tu."

"Twende."

Walikaa benchi la nyuma. Polikarpo aliinuka kuja kuwasalimu, akasita kidogo njiani alipoliona baibui, kisha akampa Chausiku mkono na kumkaribisha. Ibada ilipokwisha, wawili hao walirudi kwa miguu kupitia soko la Tandika, Chausiku akiuliza maswali njia nzima.