Ubao wa Gaudensia

Asubuhi ya mwisho ya amani nilikuwa nimesimama juu ya uso wa dada yangu, naye mwenyewe yuko mlangoni anapeta mchele na kunicheka.

Shemeji yangu Kisimba, mume wa dada Gaudensia, alikuwa mchoraji na mpiga chapa za picha kule Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa anachonga picha kwenye ubao wa mninga kwa patasi, anaupaka wino, analaza karatasi juu yake, kisha gunia. Mashine ya kugandamizia hakuwa nayo. Alikuwa na mimi. Mimi Skola wa Mwazye sijawahi kuwa mwembamba, wala sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

"Taratibu hapo, shemeji," akasema. "Unakanyaga pua."

"Mwache anikanyage," dada akadakia. "Nimembeba mgongoni mpaka akaota meno. Uso utashindwa nini?"

Nilikuwa nimekwenda kuuza mitumba. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka ile, na yeyote mwenye belo moja la nguo na moyo wa kupanda boti alijiita mfanyabiashara. Nachukua mzigo Sumbawanga, nateremka Kabwe, navuka, nafikia kwa dada.

Picha za Kisimba zilikuwa zinaleta ubishi. Mkulima wake ni mistari mitatu, jembe ni kubwa kuliko mtu, jicho moja liko juu na jingine shavuni. Wazee wakimuuliza mbona macho hayalingani, anawajibu, "Shikamooni. Ya kwenu mmeyapima?" Lakini uso wa Gauda aliuchonga kama ulivyo, kila kitu mahali pake. Nilimuuliza kwa nini, akasema huyu hakuona pa kumrekebisha.

Na alikuwa na sharti lake. Akishatoa nakala alizoahidi, anachukua patasi mbele ya mnunuzi na kuchimba mfereji ubaoni, kutoka pembe hadi pembe. Kufunga ubao, ndivyo alivyokuita. Baada ya hapo hakuna atakayechapa nakala za wizi. Mifereji yake ilinyooka kama kaipiga kwa rula, na watu walimwamini kwa sababu hiyo.

Kesho yake risasi zilianzia upande wa barabara, tukiwa tunakunywa chai. Askari walikuwa wanawakimbia waasi, na huku wanakimbia wanapora.

Tulitoka mbio. Mimi na belo langu kichwani, dada na rozari yake. Kisimba alirudi ndani, akatoka na ubao wa Gauda ameuviringisha kwenye kitenge.

Ufukweni watu walikuwa wengi kuliko boti.

Tulipanda.

Askari wakapiga risasi kuelekea majini. Sijui walikuwa wanaitaka boti au walikuwa wanataka tu kuua.

Dada alikuwa amenishika mkono. Akasema, "Skola, nimechomwa."

Nahodha akaamuru mizigo itupwe. Nikalisukuma belo langu majini. Kisimba akaukumbatia ubao wake. Nahodha akamtazama, akamtazama na dada, akageuza uso.

Gauda alikata roho kabla hatujaiona Kabwe. Tulimzika Kabwe tuliposhuka, kwa sala za katekista na jembe la kuazima. Nililia mpaka sauti ikakauka, na sioni haya kulisema.

Nikampeleka shemeji kwangu Sumbawanga. Majirani waliongea yao. Nikawaambia mwenye neno aje alisemee sebuleni kwangu, na hakuna aliyekuja. Kisimba alikaa miezi hagusi rangi. Kisha mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anajenga gesti aliuona ubao ule, akaagiza picha ya Gauda kwa kila chumba. Shemeji akanunua wino. Nikapanda tena juu ya gunia, safari hii hakuna wa kucheka mlangoni.

Tulipomaliza, mwenye gesti akaja kuzichukua. Kisimba akashika patasi.

Nikaukalia ule ubao. Kwa uzito wangu wote.

"Ondoka, shemeji."

"Siondoki. Nionyeshe picha yake nyingine iko wapi." Haikuwepo, maana nakala za gesti zilihesabiwa kwa vyumba na hata moja haikuzidi. Ile ya harusi na nakala za kwanza zilibaki Moba, na nyumba ya Moba tulishasikia imeungua.

"Nimemwahidi huyu baba kwamba nitaufunga."

Mwenye gesti akasema yeye hana shida, mama aachiwe ubao wake.

"Shida ninayo mimi," Kisimba akasema. "Unataka niwe mwongo, Skola, tena kwa kutumia uso wake?"

Nikainuka. Sikukaa kuangalia, nilitoka nje nikaenda kutwanga ulezi ambao ulikuwa umeshatwangwa. Nilimnunia mpaka mahindi yakavunwa, na ubao ule aliuweka juu ya kabati umegeukia ukuta, nami sikuugusa.

Aliishi Sumbawanga mpaka alipofariki. Amefundisha watu. Ukiona ukutani kwa kanisa la Mpui wale wakulima wa mistari mitatu, au ubavuni mwa lori jembe kubwa kuliko dereva, ni mkono wake umepita kwa wanafunzi wake. Gesti iliuzwa, na unyevu ukazila picha zote. Huyo ndiye Gauda wa karatasi, kwisha.

Baada ya arobaini ya Kisimba nilisafisha chumba, nikaugeuza ubao. Mfereji ulianza kwenye pembe ya juu, umenyooka kama kawaida yake. Ulipofika kwenye paji la uso ukapinda. Ukafuata ukingo wa kilemba, ukateremka nyuma ya sikio, ukapita begani na kumalizikia pembe ya chini. Shavu, macho, mdomo, hakuvigusa. Yule mtu hakuwahi kuchimba mfereji uliopinda maisha yake yote. Nilikaa chini nikamwita majina mabaya, na nikamshukuru.

Wanakuja watu kutoka Dar, wanasema mfereji huo unazibika, tutoe nakala, mama. Nawaambia umefungwa. Aliyeufunga alijua kazi yake, nami natunza neno lake.

Vita vile vilimchukua dada, vikachukua nyumba yake, na kaburi lake vikaliacha mbali na kwao. Siku nyingine naupangusa vumbi, kidole kinapita nyusi, pua, mdomo. Hana mkunjo hata mmoja. Mimi nina wajukuu, magoti yananiuma, nimempita umri zamani sana yule aliyenibeba mgongoni. Na bado namwamkia shikamoo.