Lehemu ya Moto Mdogo

Mzee aliyenifundisha kutengeneza redio alikuja kibandani kwangu Tabora mjini akiwa amemshika mkewe mkono. Mama haoni tena. Mzee naye hasikii bila kile kifaa kidogo cha sikioni, na kifaa kilikuwa kimezima. Wiki nzima kule kwao Ulyankulu, mmoja aliita na mwingine hakusikia.

Nilipokifungua nilipandwa na hasira. Alikuwa amejaribu kukitengeneza mwenyewe, kwa chuma chake cha zamani cha kulehemu chenye ncha nene kama kidole. Mafundi redio wa rika lake wana imani moja: lehemu isiposhika, ongeza moto.

"Mzee, ungekiua!" nikamfokea sikioni.

"Nilidhani ni kama redio tu," akasema, akainamisha kichwa. Nikaona aibu.

Waya wa maikrofoni ulikuwa umeachia, na maikrofoni yenyewe haifiki punje ya mchele. Moto wa kawaida ungeikaanga. Nilikuwa na lehemu ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwenye nyuzi mia moja thelathini na nane, joto ambalo halitoshi hata kuivisha andazi kwenye mafuta. Ila lehemu hiyo haipatani na risasi iliyomo kwenye lehemu ya zamani. Ikibaki chembe tu ya ile ya zamani, kiungo kinakuwa dhaifu. Basi nikainyonya risasi yote ya mzee kwa utambi wa shaba, mguso mmoja, kisha napumzika kipoe, kisha mwingine.

Nikashusha chuma hadi mia na themanini. Mzee akasoma namba, akacheka.

"Kwa moto huo, mwanangu, hata nta ya nyuki wa Ipole itakugomea kuyeyuka."

Nikagusa. Kile kitone cha kijivu kikasita, kikatepeta, halafu ghafla kikatandaa kwenye shaba na kung'aa. Mzee akaacha kucheka. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nywele hunisimama: metali ngumu inalainika kwa joto la jikoni, inapita mahali pembamba vile, inaganda, na sauti inapata njia. Nani aliipangia kipimo hicho?

Nikakifunga kifaa, mzee akakivaa. Sikuthubutu kumwuliza kama anasikia.

Kwenye benchi la nje, alipokuwa ameketi, mkewe alisema kwa sauti ya chini kwamba ana kiu. Mzee akainuka kwenda kumtafutia maji.