Mektilda na Miwani ya Waya

Maganga alikuwa ameshachagua. Miwani nyeusi, fremu pana ya plastiki inayomeza nusu ya uso. Aliisukuma juu ya kaunta ya duka la miwani mjini Bariadi, akamwambia mama yake, "Hii, mama. Hakuna atakayeona kitu."

"Na mimi je, nitaona?" Mektilda akauliza.

Deogratias, fundi wa miwani, akacheka. Maganga hakucheka, na tusimlaumu. Mwana gani angecheka, wakati kule kijijini Mwandoya mama yake hasalimiwi tena?

Mambo yalianzia kwa jirani. Ngeleja alifiwa na mitamba miwili ndani ya wiki moja. Badala ya kumwita bwana mifugo, akafunga safari kwa mpiga ramli. Sasa mpiga ramli hataji jina, mjanja yule. Yeye hutaja dalili, watu wajaze wenyewe. Akasema: mwanamke, macho mekundu, upande wa mawio. Mektilda anakaa upande wa mawio wa boma la Ngeleja, ni mjane wa miaka sitini na minane, na macho yake ni mekundu kweli. Basi, kesi ikaisha hapo: mchawi ni yeye. Watu wazima wenye akili zao, wanaojua hata bei ya pamba ya mwaka juzi, wakaikubali.

Pafukapo moshi pana moto, walisema. Moto upo, ndugu zangu! Ni moto wa mashina ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na Mektilda ameupuliza tangu akiwa binti. Muuguzi wa macho alimwambia hivyo hivyo asubuhi ile: wekundu ni wa moshi, na kutoona karibu ni kwa sababu ya umri. Hilo la pili ndilo lililomkera Mektilda. Yeye ni fundi cherehani. Nusu ya watoto wa Mwandoya wamekwenda shule na sare zilizotoka mikononi mwake, na sasa uzi ulikuwa umeanza kukataa kuingia kwenye sindano.

Si kwamba palikuwa na cha kushona. Mama wa watoto hao walikuwa wakipita ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyemwambia "mwangaluka". Kwa Msukuma, afadhali umpige kofi kuliko kumnyima salamu ya asubuhi. Mektilda alilia siku mbili, peke yake, mlango umefungwa. Siku ya tatu alikasirika, na hasira hiyo ndiyo aliyopanda nayo basi kuja Bariadi.

"Jumatano nakuja na gari," Maganga alisema. "Tunabeba cherehani na kitanda, unahamia kwangu. Mpaka siku hiyo vaa hii nyeusi, mama, nakuomba."

Mektilda akamgeukia fundi. "Huna nyingine?"

Deogratias alitoa kopo la biskuti lililojaa fremu kuukuu, urithi wa baba yake aliyeuza miwani kabla yake. Mektilda akazichambua kama anavyochambua vifungo, hii pembeni, hii pembeni, mpaka akaibuka na moja ya waya mwembamba, ya duara, dhahabu yake imechuja, mikono yake imepinda kushika nyuma ya sikio. Aliiweka puani, ikakaa upande.

"Hiyo ya zamani sana, bibi. Walikuwa wanavaa makatekista."

"Walisoma nayo?"

"Walisoma."

"Basi inafaa."

Deogratias alikuna kichwa. "Lakini nikwambie ukweli. Vioo vyako vya kusomea vinakuza macho. Na kwenye waya huu mwembamba hakuna cha kuyaziba. Mtu akikutazama ataona macho tu."

"Vizuri. Wasisumbuke kuchungulia."

"Mama!" Maganga alikuwa karibu kulia.

"Sikiliza, mwanangu. Siku nitakayoficha macho haya ndiyo siku watakayosema, mnaona, alikuwa anajijua. Njoo na gari lako Jumatano. Kama mpaka hapo hakuna aliyeniletea kitambaa, cherehani nitaipakia mwenyewe."

Deogratias alinyoosha waya kwa koleo, akakata vioo, na Mektilda akarudi kwake.

Cherehani ilikuwa inakaa chumbani. Aliitoa nje, kwenye baraza, ikitazama barabara, akaketi na miwani yake. Kila aliyepita, Mektilda alimtazama kwa juu ya waya, akawahi kumwamkia. "Mwangaluka, mke wa Mayunga!" Mzee kumwamkia mdogo ni aibu kwa mdogo, na Mektilda aliigawa aibu hiyo bure, kama njugu za msibani. Wengine waliitikia kwa kuguna. Wengine waliongeza mwendo.

Jumatatu haikuleta kitambaa. Jumanne vilevile. Jioni alipanga nyuzi zake kwenye boksi, akazitazama. Ile ndiyo nyumba aliyozalia watoto wake wote. Akazitoa tena, moja moja.

Jumatano asubuhi alisikia jina lake nyuma ya nyumba, kwenye ua wa minyaa. Alikuwa Salu, mke wa Ngeleja, ambaye jiko lake limepakana na ua huo. Moshi wake huingia kwa Mektilda bila hodi.

"Mayu," Salu alinong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma, "sketi ya mtoto imechanika. Shule hawampokei hivi. Nikurushie?"

"Zunguka barabarani."

"Watu wataniona."

"Mimi wananiona kila siku. Zunguka."

Salu alizunguka. Alipita mbele ya genge la nyanya, sketi ameikumbatia, na wanawake pale wakakatiza maongezi. Alipofika barazani akapiga goti. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Salu."

Mektilda alichukua uzi, akaupitisha tunduni mara moja. Salu aliangalia kwa wivu. "Hata mimi siku hizi sindano siioni."

"Jaribu hii." Mektilda alimvisha miwani, akampa na kioo cha wateja.

Salu alisahau sindano. Alijitazama, akafuta kioo kwa pindo la kanga, akajitazama tena. Nyuma ya waya, makubwa na wazi, yalikuwa macho mekundu.

"Mayu, haya ni yangu?"

"Ya nani mengine?"

Gari la Maganga lilikuwa linasimama barabarani Ngeleja alipotokea kwake, fimbo mkononi. "Salu! Unafanya nini hapo?"

Salu alisimama. Miwani hakuivua. "Baba Maige, njoo unitazame."

Ngeleja alitazama.

"Ramli ilisema mwanamke, macho mekundu, upande wa mawio. Jiko langu liko upande gani wa boma lako?"

Wanawake wa genge walikuwa wamesogea, na mmoja alikuwa anajigusa kope. Ngeleja aliuangalia moshi uliokuwa bado unapanda kutoka jikoni kwake, kisha mkewe, kisha ardhi.

Maganga aliteremka, akaja kuishika cherehani.

"Iache hapo," Mektilda alisema, akamnyooshea Salu mkono. "Nirudishie miwani, mwanangu. Mtoto anasubiri sketi."