Tulipokuwa Tunaisubiri Besi ya Munguiko

Hadi leo nikinusa saruji yenye unyevu, husimama nikasikiliza. Ndiyo harufu ya tangi la maji ya mvua lililokuwa nyuma ya nyumba yetu mtaani Mabanga, tangi kubwa alilolijenga baba kabla hajafariki, juu ya yale mawe meusi ya volkano yasiyojua jembe. Mvua zikinyesha tangi lilijaa, na mtaa mzima ulikuwa rafiki yetu. Kiangazi likikauka, urafiki nao ulikauka, na sisi watoto tulishuka ndani kwa ngazi ya mbao kusugua utelezi ukutani. Kiangazi kimoja, kaka yangu Munguiko alikuwa akisugua huku anaguna wimbo, na tangi likamrudishia sauti yake ikiwa nene kuliko alivyoitoa. Akaacha ufagio, akaguna tena, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Siku hiyo utelezi haukutoka, na mama alitugombeza mpaka tukalala.

Munguiko hakuwa mtu wa kula kitamu peke yake. Kesho yake alimleta Janvier, kijana wa jirani, nami nikamwita Furaha, rafiki yangu wa shule, tukawa wanne ndani ya tangi kavu. Mtindo tuliupata kwenye kanda ya mjomba wetu wa mji wa Kiwanja, fundi cherehani: Waamerika weusi wa zamani wanaoimba bila gitaa wala ngoma, midomo yao ndiyo bendi. Jina la mtindo ule, duwopu, nimekuja kulijua ukubwani. Sisi tulitia humo nyimbo za kanisani na za arusi. Kwa kuwa hatukuwa na kinanda cha kutupa noti, Munguiko aliweka sharti: besi yake, ile sauti nene, inaanza peke yake, dum, dum, du-dum, sisi watatu tunavuta pumzi, ndipo tunaingia. Besi ilikuwa mlango wetu. Mama, aliyekuwa akiuza sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, aliketi kando ya tangi akisafisha visamaki vyake na kujifanya hasikii.

"Makelele gani hii? Munakuwa sawa vyura," alisema, lakini mguu wake ulikuwa unapiga chini.

Jina likatushika: Vyura wa Tangi. Tulianzia kanisani, ambako mzee mmoja alikunja uso aliposikia ile dum-dum, akasema hiyo ni ya baa. Mkewe alikuwa tayari anapiga makofi. Kutoka hapo tukaitwa kwenye arusi moja, na chema chajiuza, ikafuata nyingine. Tulikula wali na nyama hadi Furaha akaanza kuchagua vipande. Halafu redio moja ya mjini ikatualika kuimba siku ya Jumapili mchana, nasi tukaona tumefika. Sasa, kwetu kundi lisilo na sare si kundi. Watu hutazama nguo kwanza, masikio yanafuata. Mama mwenyewe alitoa kitenge cha kijani alichokuwa amekihifadhi, kikapelekwa kwa mjomba kushonwa. Alhamisi, Munguiko akapanda pikipiki kwenda Kiwanja kuchukua nguo.

"Mama, usiogope, njia iko muzuri," alisema. "Siku ya posho niko hapa."

Siku hiyo ya posho, yaani Jumamosi, ilifika, yeye hakufika. Mapigano yalikuwa yamezuka na njia ilifungwa. Baadaye tulisikia kwamba aliondoka kwa mjomba akiwa na mfuko wa nguo mgongoni, na baada ya hapo hakuna aliyemwona. Hayo tu ndiyo tunayoyajua mpaka leo. Jumapili tulikwenda redioni hivyo hivyo, kwa sababu Janvier alisema labda kaka angekuja moja kwa moja kule. Mtangazaji, mtu mpole, alituomba tuimbe watatu. Tulivuta pumzi, tukangoja, tukatazama mlango. Wimbo haukuwa na pa kuingilia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, Furaha akilia njia nzima.

Kanisani kulikuwa na kijana mwenye besi nzuri, akajitolea. Janvier alimkatalia: "Ile nafasi iko na mutu." Nilimpenda Janvier kwa neno lile. Kumweka mwingine ilikuwa sawa na kumzika kaka, na kundi likafa likimngoja. Mama naye alikataa kilio. "Mutoto yangu hajakufa," aliwaambia majirani. "Munataka kulilia nani?" Kila jioni alimwekea bugali, akafunika sahani. Subira huvuta heri, alisema, na mimi nilianza kuuchukia msemo huo. Siku moja alinikuta naosha vyombo huku naguna.

"Nyamaza, Riziki! Ile manguo yenu njo ilikula mutoto yangu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ni kweli, lakini dada naye ana moyo, na wangu ulipasuka. Sikuimba tena katika boma lile. Mvua zikarudi, tangi likajaa.

Leo tangi lina ufa, halishiki maji. Mama anatumia pipa la plastiki. Vijana wa Mabanga wanatunga nyimbo kwenye simu, kila mmoja peke yake na waya masikioni, na besi wanaipata kwa kubonyeza. Siwalaumu. Nawaonea wivu tu kwamba hawalazimiki kumngoja mtu.

Mwaka huu mama aliniita, akashika mkono wangu. "Riziki," alisema, "nimechoka kufunika sahani." Akataka kilio kifanyike hata bila mwili, na akataka Vyura waimbe. Nilidhani nimesikia vibaya. Janvier alikuja kutoka Birere anakochomelea milango ya chuma, kichwa chake kimeota mvi. Furaha alikuja na kitinda mimba wake mgongoni. Mchungaji aliomba, kisha sisi watatu tukasimama kando ya tangi, mbele ya viti vya plastiki na mtaa mzima. Tukavuta pumzi. Tukangoja. Mtu akakohoa.

"Munangoja nini?" mama akauliza.

Janvier aliinamisha kichwa. "Tunangoja besi, mama."

Mama alishika mgongo wa kiti, akainuka polepole kwa magoti yake mabovu. Akafumbua kinywa, na sauti yake ya kizee, iliyokwaruzwa na moshi wa miaka mingi ya kukaanga sambaza, ikatoka chini kabisa: dum, dum, du-dum. Mwendo ulikuwa uleule, na pumziko lilikuwa palepale Munguiko alipoliweka. Kumbe alishika yote, kiangazi kile, akisafisha samaki. Akairudia mara ya pili, machozi yanamtiririka, mguu unapiga chini.

Tukavuta pumzi, tukaingia, na hapo ndipo tulipomzika kaka yangu.