Nafasi ya Kicheko

Kaka yangu ni mchekeshaji wa kuzunguka, leo mji huu, kesho ule, na kazi hiyo imemharibu hata namna ya kuongea. Jukwaani, akishatoa kichekesho hunyamaza kwanza watu wamalize kucheka. Akiharakisha, maneno yanayofuata humezwa na kelele. Amefanya hivyo tangu ujanani mpaka ameota mvi, na sasa hata dukani akitaja sabuni hunyamaza, muuzaji akabaki kumkodolea macho.

Mkewe ndiye aliyejua dawa. Kaka akinyamaza, shemeji aliitikia, "Enhe," huku anakunja nguo, na mazungumzo yakaendelea. Lakini alichoka kuishi na begi lisilofunguliwa. Akaondoka, wala simlaumu.

Jana asubuhi kaka alinipigia simu kutoka chumba cha gesti.

"Ukumbi ulijaa pomoni," akasema. "Watu wamevunjika mbavu."

Akanyamaza. Mimi sina subira hiyo.

"Haloo? Umekatika?"

"Nipo."

"Basi sema, kaka, bomba liko wazi na vyombo vinanisubiri."

"Nilipitia hospitali. Daktari anasema moyo umechoka, niache safari."

Akanyamaza tena. Nikafunga bomba. Nilitafuta la kumwambia, pole, au rudi nyumbani, nikayaacha yote.

"Enhe," nikasema.

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Rudia," akasema.