Raba za Samli

Miaka ile tuliporuhusiwa watu binafsi kununua pamba, hapakuwa na kitu kwenye gari cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, lakini pikapu nilinunua kwa jasho langu, na wenye vyeti hapa Bariadi wakaendelea kutembea kwa miguu.

Pikapu ikaanza kulalia upande kila nikikata kona. Raba zinazoshika stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari lisiegemee upande mmoja, zilikuwa zimekwisha, na soko la Lalago lilikuwa linafunguliwa wiki hiyo hiyo. Ningepakia pamba vile, mzigo wote ungeishia mtaroni.

Fundi wa mjini, bingwa wa kuchomeka kalamu mfukoni, akasema, "Bosi, hicho chuma tukitoe tu. Hakina kazi."

"Na kichwa chako tukitoe?" nikamuuliza.

Nikaenda kwa mshona katambuga, vile viatu vya matairi. Akanichongea raba za tairi, nene kuliko za kiwandani. Nikazifunga mwenyewe uani, na ili zisipige kelele nikazipaka samli, maana grisi ya yule fundi nisingeigusa.

Asubuhi mke wangu akaniita. "Baba watoto, gari lako limeliwa."

Mbwa wa jirani alikuwa chini ya pikapu anamalizia raba ya mwisho, mjinga kama mwenyewe anayemfuga. Mke wangu akakimbilia jikoni kucheka.

Nikachongesha nyingine, nikazifunga kavu. Kutoka Lalago nilirudi na pamba hadi juu, pikapu imesimama wima. Kazi yote ilinigharimu shilingi elfu tatu na mia nne, pamoja na kifungua kinywa cha mbwa.